Kati ya Halali na Haramu: Kupima Wema na Ubaya Migori na Homa Bay

Fikihi ya Kiislamu huyapanga matendo ya mwanadamu katika ngazi tano: faradhi, sunna, mubaha, makuruhu na haramu. Anayeacha faradhi hupata dhambi; anayeacha sunna hukosa thawabu tu. Makuruhu ni jambo lisilopendeza, ambalo kuliepuka ni bora, lakini halimtii mtendaji katika dhambi. Waswahili wameyazoea maneno haya hata wakayatumia nje ya dini, na kila anayeyatumia huwa amekwisha kukubali kwamba kati ya halali na haramu kuna masafa, na kwamba tendo laweza kusimama mahali popote katika masafa hayo.

Mafundisho ya Kanisa Katoliki nayo hutenga dhambi ya mauti na dhambi nyepesi. Kabla dhambi haijaitwa ya mauti, sharti mambo matatu yakutane: jambo lenyewe liwe zito, mtendaji awe analijua, na awe amelikubali kwa hiari yake. Sheria ya Kenya hupita njia hiyo hiyo. Aliyeua kwa kukusudia na aliyeua bila kukusudia wote wawili wameacha maiti nyuma yao, lakini Kanuni ya Adhabu haiwatii kapu moja. Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji, bila kumpa nafasi ya kupima mazingira ya kila mmoja, ni kinyume cha Katiba.

Miongoni mwa Waluo, ambao ndio wengi katika kaunti za Homa Bay na Migori, mizani ya kale ina umbo lake. Chik ni utaratibu wa maisha: nani ajenge wapi, nani atangulie kupanda, nani azikwe upande upi wa boma. Avunjaye kwer, yaani mwiko, huandamwa na chira, maradhi ya kudhoofika yanayoweza kumshika yeye mwenyewe au mtoto wake. Chira haiulizi nia. Aliyekosea kwa kusahau na aliyekosea kwa kiburi wamo katika hatari moja. Hata hivyo mfumo huu nao una ngazi, kwani mikosi mingi hutibiwa kwa manyasi, dawa ya mitishamba, na ni juu ya wazee kukaa na kutambua ni mwiko gani uliovunjwa. Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, aliandika sehemu kubwa ya desturi hizi kwa Kidholuo katika kitabu Luo Kitgi gi Timbegi cha mwaka 1938, na mpaka leo wanaobishana juu ya chik hukitaja.

Mizani hizi zinatofautiana katika jambo moja zito: je, kosa linakaa katika tendo lenyewe au katika moyo wa mtenda? Aristotle wa Ugiriki alilikabili swali hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwa mfano ambao mvuvi yeyote wa Ziwa Viktoria angeuelewa mara moja. Nahodha amekumbwa na dhoruba, naye anaitupa shehena baharini ili chombo kisizame. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayependa kutupa mali. Lakini mkono uliotupa ni wake, na angeweza kutotupa. Je, ametenda kwa hiari? Jibu la Aristotle lilikuwa kwamba matendo ya namna hii yamechanganyika: yamechaguliwa, lakini yamechaguliwa na mtu aliyebanwa.

Katika fuo za Homa Bay na Migori, kuanzia Kendu Bay na Mbita, kupita visiwa vya Rusinga na Mfangano, hadi Sori na Muhuru Bay karibu na mpaka wa Tanzania, matendo yaliyochanganyika hivyo huonekana kila alfajiri.

Omena, dagaa wa ziwa hili, huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huelea na taa, wadudu huzijia taa, omena huwafuata wadudu, na nyavu hufunga mduara. Mbalamwezi ikiwa kali kazi husimama, kwa kuwa taa haina nguvu mbele ya mwezi. Jua linapochomoza boti hurudi, na mama samaki wamekwisha kujipanga ufuoni na makarai na ndoo, khanga zimekazwa kiunoni, macho yakizihesabu boti zikiwa bado mbali. Kila mmoja anatafuta ile anayoijua. Boti zikiwa na samaki wachache kuliko makarai, wako watakaorudi nyumbani mikono mitupu, na omena iliyokosa jua la siku hiyo hiyo huanza kuharibika kabla ya jioni. Hakuna muda wa kwenda kutafuta ufuo mwingine.

Hapo ndipo jaboya ilipozaliwa. Ni mapatano kati ya mvuvi na mwanamke mchuuzi: mwanamke hukubali uhusiano wa kimapenzi, na mvuvi humhakikishia samaki. Watu wengi wa mbali hudhani kwamba mwanamke hupewa samaki bure. Mara nyingi sivyo. Hulipa fedha kama wenzake, pengine kwa bei nafuu kidogo. Anachopata zaidi ni nafasi ya kwanza ya kununua. Analipa mara mbili kwa karai moja.

Jambo hili halipatikani Nyanza peke yake. Mwaka 2008 watafiti Christophe Béné na Sonja Merten walikusanya ushahidi wa mapatano ya aina hii kutoka sehemu mbalimbali za Afrika penye uvuvi, na wakaonyesha kwamba umaskini peke yake hautoshi kulieleza. Muundo wa biashara yenyewe ndio unaolizaa. Boti na nyavu nyingi ni mali ya wanaume, na kwa mila wanawake wamewekwa mbali na chombo cha kuvulia. Samaki ni mali inayooza. Kadiri samaki wanavyopungua ziwani na wanunuzi wanavyoongezeka, ndivyo anayeshika samaki mkononi anavyozidi kuwa na nguvu juu ya anayemsubiri nchi kavu. Sangara, ambaye wenyeji humwita mbuta, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950; viwanda vya minofu vilipofunguliwa katika miaka ya 1980, nyama yake ilipanda ndege kwenda Ulaya, na mama samaki wengi wakaachiwa mgongo wazi, mifupa ya samaki iliyokwisha kutolewa minofu, waikaange na kuiuza sokoni. Omena ikabaki biashara kubwa iliyo wazi kwa mwanamke mwenye mtaji mdogo, na wote wakaikimbilia.

Madhara yanajulikana. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta takriban asilimia 4.9 ya watu wazima nchini Kenya wanaishi na virusi vya Ukimwi. Katika Homa Bay kiwango kilikaribia asilimia 20, na Migori asilimia 13. Jaboya si sababu pekee ya takwimu hizo, lakini wavuvi huhama kufuata samaki, kutoka ufuo hadi ufuo na kisiwa hadi kisiwa, na mtandao wa mahusiano huhama pamoja nao.

Sasa, nani amekosa? Mhubiri anayesema jaboya ni zinaa hajasema uongo. Amekwama tu kwenye neno la kwanza. Akiishia hapo, lawama yote humwendea mwanamke, kwa kuwa ndiye anayeonekana: ndiye aliye ufuoni, ndiye mwenye watoto wanaoulizwa baba yao ni nani. Mwenye boti, ambaye huenda anaishi mjini na hajamgusa mtu, hatajwi. Kupima kwa ngazi hulazimisha maswali mengine. Mwanamke huyu alikuwa na njia gani nyingine siku ile? Ana mtaji wa kuanzia biashara nyingine, au deni la ada ya shule linamsubiri? Mvuvi naye alikuwa na nini cha kupoteza kama angeuza kwa foleni? Hapa tofauti hutokeza. Mvuvi angepata bei ile ile kutoka kwa mnunuzi yeyote. Hakuna dhoruba iliyombana. Mwanamke ametupa shehena ili asizame. Mvuvi ameomba shehena ya mtu anayezama. Matendo ni mawili yanayofanana kwa nje, na uzito wake haukaribiani hata kidogo.

Hata hivyo mvuvi naye hawezi kuwekwa moja kwa moja upande wa wabaya. Mabaharia wengi ni vijana wasiomiliki chombo. Mgao mkubwa wa samaki huenda kwa mwenye boti na nyavu, na ziwa humeza watu kila mwaka. Kijana anayelala majini usiku, asiyejua kama atafika Jumapili, huona haja ndogo ya kuweka akiba ya fedha au ya afya. Hilo linaeleza mwenendo wake. Haliuhalalishi, na kuchanganya kueleza na kuhalalisha ndilo kosa ambalo watu huliogopa wanaposikia kwamba ubaya una viwango. Primo Levi, Mwitaliano aliyeokoka kambi ya maangamizi ya Auschwitz, aliandika juu ya wafungwa waliolazimishwa kuwatumikia waliowafunga, katika kitabu chake cha mwaka 1986. Alikataa kuwahukumu kwa haraka, lakini alikataa kwa ukali zaidi wazo kwamba basi mtesi na mteswa ni sawa. Kwake, kuona viwango kulihitaji jicho kali zaidi, wala hakukuwa huruma ya kufumba macho.

Faida ya kupima hivi huonekana katika dawa inayochaguliwa. Mwenye kuona dhambi tupu huleta mahubiri. Mwenye kuona kwamba tatizo ni umiliki wa chombo huleta chombo. Mwaka 2011, katika ufuo wa Nduru huko Nyakach, kaunti jirani ya Kisumu, wanawake walianzisha kikundi walichokiita kwa jina lisilo na maficho, linalokataa ngono kwa samaki. Walipata boti zao kwa msaada wa wafadhili, wakaajiri wanaume wa kuvua, na wao wakawa wenye samaki. Utaratibu wa mapatano ukageuka kwa waliohusika: aliyekuwa akisubiri ufuoni sasa ndiye aliyekuwa akilipa mshahara. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliifunika Nduru na kuwahamisha wakazi wake, na boti peke yake haikuweza kuzuia hilo. Lakini kwa miaka ile kikundi kilionyesha kwamba jambo lililoitwa tabia mbovu ya wanawake lilikuwa pia suala la nani anamiliki mbao na injini.

Sheria za uvuvi zina mtihani wa aina yake. Uvuvi wa omena kwa upande wa Kenya hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Nyavu za omena zenye macho chini ya milimita 10 zimekatazwa, kadhalika kokoro linaloburutwa hadi ufuoni. Sababu ni njema: anayevua vichanga leo anaiba samaki wa mwakani, na anaiba hasa kwa maskini wenzake. Lakini miezi minne ni mirefu kwa nyumba isiyo na shamba. Baba anayeingia ziwani mwezi wa Mei kutafuta kitoweo cha usiku mmoja amevunja sheria. Mwenye boti kumi anayewatuma vijana kila usiku wa kipindi hicho hicho amevunja sheria. Afisa anayepokea kitu kidogo ili asiwaone wote wawili, naye amevunja sheria. Kuwaita wote watatu wavunja sheria ni kweli isiyosaidia mtu, na ufuo wenyewe huijua tofauti. Kamati za usimamizi wa fuo, BMU, zilizopewa nguvu kwa kanuni za mwaka 2007 na ambazo ni sharti wanawake wawemo, zina uwezo wa kuonya kabla ya kushtaki. Zinapofanya kazi vizuri, hupima hivyo hasa. Zinapofanya kazi vibaya, wavu wa maskini ndio unaochomwa hadharani, na wa tajiri hurudishwa usiku.

Ukiuacha ufuo na kupanda nchi kavu ya Nyatike, mizani hubadilisha sarafu. Dhahabu ya Migori ilianza kuchimbwa enzi za ukoloni, na mgodi wa Macalder ulifungwa katika miaka ya 1960. Waliobaki ni wachimbaji wadogo. Wanaume hushuka mashimoni. Mawe husagwa na mashine. Na mara nyingi ni wanawake wanaoosha unga katika makarai, wakimimina zebaki na kuichanganya kwa vidole vitupu mpaka ikamate chembe za dhahabu na kuwa donge la rangi ya fedha. Donge huwekwa juu ya makaa. Zebaki hupaa kama moshi usioonekana, dhahabu hubaki. Moshi huo huharibu mishipa ya fahamu, na huvuka kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni. Inayomwagika hufuata vijito hadi mto Kuja, na mto Kuja huingia ziwani. Dunia iliupatia mkataba wa kupunguza zebaki jina la Minamata, mji wa Japani ambako samaki wenye sumu hiyo walilemaza watu, na Kenya ilikuwa miongoni mwa waliotia saini mwaka 2013.

Hapa kigezo cha kujua, kile ambacho katekisimu inakitaka, hufanya kazi yote. Mwanamke asiyeambiwa lolote juu ya moshi ule hana lawama. Aliyeambiwa, na akaendelea kwa sababu hana njia nyingine ya kutenga dhahabu, ana lawama ndogo. Mfanyabiashara anayejua, anayemkopesha zebaki kwa sharti kwamba dhahabu ataiuza kwake tu, amebeba mzigo mzito zaidi, ingawa mikono yake ni mikavu na safi. Pia kuna jambo ambalo mizani ya nia haiwezi kulipima vizuri: mtoto anayezaliwa na madhara hajali kama mama alijua au hakujua. Ndiyo maana chira, ambayo wengi huidharau kama ushirikina, ina neno la kusema. Iliwafundisha watu kwamba tendo lina matokeo yasiyosubiri kusudio, na kwamba yanayofanywa na mzazi humfikia mtoto.

Mila ya tero, ya mjane kuchukuliwa na ndugu wa marehemu mume wake, huonyesha jinsi tendo moja linavyoweza kuhama ngazi bila kubadili jina. Mjane huitwa chi liel, mke wa kaburi, na anayemtunza ni jater. Katika umbo lake la awali tero ilikuwa bima: nyumba haikufa, watoto walibaki na ardhi na mlezi. Ardhi ilipopungua, Ukimwi ulipoingia, na wakatokea wanaume walioifanya tero kuwa kibarua cha kulipwa, kilichobaki kwa wajane wengi ni lile tendo la ndoa la utakaso, bila ulinzi uliokuwa maana yake. Sheria ya mwaka 2015 ya ulinzi dhidi ya unyanyasaji wa nyumbani iliingiza kurithiwa kwa nguvu na utakaso wa wajane katika orodha ya unyanyasaji. Katika kurithiwa, neno lenye uzito ni nguvu. Bunge halikusema mjane asiolewe na shemeji yake, lilisema asilazimishwe. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka, Mluo wa Siaya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alitofautisha wenye hekima wa aina mbili vijijini: anayeijua mila na kuisimulia kwa ufasaha, na anayeijua kisha akaihoji. Katika suala la tero ndiye huyu wa pili anayehitajika, mzee anayeweza kuuliza mila ilikusudia kumlinda nani, na kama bado inamlinda.

Kupima kuna mipaka yake, na Migori inaijua vizuri kwa sababu ya ukeketaji katika jamii ya Wakuria. Ukeketaji umepigwa marufuku na sheria ya mwaka 2011. Baadhi ya watetezi wake walidai kwamba ukifanywa na mhudumu wa afya kwa vifaa safi, au kwa mwanamke mzima aliyekubali, ubaya umeondoka. Mahakama Kuu iliikataa hoja ya namna hiyo Machi 2021, katika kesi iliyoletwa na daktari Tatu Kamau. Wembe safi hupunguza maambukizi, na kupungua huko ni kweli. Lakini kiungo kilichokatwa hakirudi, na msichana wa miaka 12 hana ridhaa ya kutoa. Kosa lililopunguzwa makali halijahama upande.

Ridhaa ya mtoto ndiyo ukingo wenyewe. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 imeweka umri wa ridhaa kuwa miaka 18, na haijali kama msichana alipewa samaki, nauli ya bodaboda au ahadi ya ndoa. Ufuoni na machimboni, ambako wasichana huuza chakula na vijana huwa na fedha taslimu jioni, mapatano kama ya jaboya humshukia binti wa shule bila shida, nayo huzungumzwa kwa maneno yale yale: naye alitaka, naye alipokea, mama yake alijua. Kwa mwanamke mzima maneno hayo yaweza kuwa na uzito katika mizani. Kwa mtoto hayana kazi, kwani yote yanamzungumzia yeye, ilhali anayepimwa ni mtu mzima.

Hapo pia ndipo mizani huibwa waziwazi zaidi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, inatambua upatanishi wa wazee maadamu haukiuki haki za binadamu wala sheria. Kwa mgogoro wa mpaka wa shamba au wavu uliokatwa, wazee huona rangi ambazo hakimu wa mbali hawezi kuziona. Lakini familia mbili zinapokaa chini ya mti kumaliza shauri la binti aliyenajisiwa kwa mbuzi na fedha kidogo, wanachopima ni amani kati ya nyumba mbili, na aliyeumizwa hayumo kwenye mizani; mara nyingi hayumo hata kwenye kikao. Shauri hilo si la nyumba mbili. Ndiyo sababu katika hati ya mashtaka, mbele ya jina la mshtakiwa, huandikwa Jamhuri.